Wanaolala Hapa

Saa mbili usiku, Kondele. Stima imerudi,
na Apondi ametandaza daftari juu ya kaunta
kati ya simu zangu mbili na kitabu cha wateja.
Swali la Mwalimu Wandera:
nchi mbili ndogo, tajiri, Luxemburg na Ayalandi.
Ipi ina pato kubwa zaidi kwa kila mtu?
Eleza.

"Rahisi, mama. Chukua yote yaliyozalishwa mwaka mzima,
gawanya kwa watu."
Amegawanya. Luxemburg iko mbele,
Ayalandi inaifuata unyounyo.
Sisi tuko ukurasa unaofuata.

Mimi sikusoma uchumi. Nimesoma kaunta.
Nikamuuliza, hao watu huhesabiwa wapi?
"Wanapoishi. Wanapolala."
Na wasiolala hapo?

Akarudi kitabuni, akafuata mistari kwa kidole:
kila alfajiri maelfu kwa maelfu
huvuka mpaka kuingia Luxemburg kazini,
jioni wakarudi kwao, nchi ya jirani.
Jasho lao limo katika kinachogawanywa.
Wao hawamo katika wanaogawanyiwa.

Basi nikamwona Khasandi,
saa kumi na moja unusu, akipita mbele ya kibanda hiki,
kandambili miguuni, viatu vya kazi ndani ya mfuko,
akiteremka kwenda Milimani
(jina tu hilo; milima ya Kisumu huiendea ukishuka)
kwenye nyumba ya vyumba sita na watu watatu.
Tugawanye mali ya mtaa ule kwa wanaolala mle
na kila kitoto cha Milimani kitaonekana
kimefua, kimepika, kimepiga pasi mashati ishirini.
Na Barasa wa langoni?
Usiku kucha yumo, lakini halali.
Huyo sensa itamweka wapi?

"Mama, acha mzaha. Ayalandi je?"
Akasoma: makampuni makubwa ya mbali
yameandikisha faida yao huko.
Pesa inaingia, inahesabiwa, inaondoka.

Nilicheka hadi mteja wa dirishani akarudisha kitambulisho mfukoni.
Hiyo naijua!
Leo pekee, mikononi mwangu, laki tatu na elfu sabini:
za karo, za samaki wa Dunga, za matanga ya Ahero,
na zile za kijana aliyekosea tarakimu moja
akasimama hapo analia kama aliyefiwa.
Ukinipima kwa zilizopita
mimi ndiye tajiri wa Kondele, nichongeeni sanamu.
Ukinipima kwa zilizobaki,
mia sita. Na kodi ya kibanda sijatoa.

"Kwa hiyo niandike kwamba hawana kitu?"
Wanacho! Sijasema hawana.
Nchi tupu haiamshi watu wa jirani gizani
wakagombee treni.
Andika iliyoshinda, Mwalimu anataka alama.
Halafu chini yake andika
kwamba namba ni kama picha ya pasipoti:
ni wewe, ndiyo,
ila haionyeshi ulikuwa umesimama juu ya nini.

Akaandika. Akafuta "umesimama". Akaandika tena.
Kisha akageuza ukurasa, bila kuagizwa na mtu,
akachora mstari mrefu
na juu yake akaweka mia sita.
"Sisi tuko wangapi?"
Mimi, wewe, Oganda, na yule mdogo anayekoroma
juu ya gunia la makaa. Na nyanya yako.

"Nyanya yuko Seme, mama. Halali hapa."

Halali hapa.
Kila Alhamisi dawa yake ya presha inatoka kwenye droo hii.

Nikamwambia agawanye kwa watano
na afunge dirisha, mbu wanaingia.