Kopo la Cheche

Siku yangu ya tatu kwa fundi Luhende, Kirumba,
alinipa kopo tupu la maziwa ya unga
na noti ya elfu mbili iliyokunjwa mara nne.
"Kimbia kwa Mama Minza akujazie cheche.
Za kuchomelea. Mwambie zile laini,
nene zinatoboa bati."

Nikakimbia. Nilikuwa nimetoka Misungwi juzi,
na umeme kwangu ulikuwa kitu cha dukani, kama chumvi.

Mama Minza akachungulia kopo, akalinusa.
"Laini zimeisha jana. Jaribu Pasiansi,
kwa yule Mpemba wa misumari."
Hakucheka. Hicho ndicho kipaji, ukitaka kujua:
kutocheka.

Mpemba akanituma Nyamanoro.
Nyamanoro wakauliza: za volti ngapi?
Nikarudi Kirumba kuuliza volti.
Luhende akawashia sigara kwenye chuma chekundu:
"Mia mbili thelathini. Hata hilo hukujua?"

Saa tisa nilikuwa Nyakato, jua limenikaa utosini.
Mzee wa vyuma chakavu akanipa maji, akanipa kiti.
"Mwanangu, cheche hazina kopo.
Hiyo elfu mbili kalie chipsi, ni ujira wako.
Kila mwaka analeta mmoja."

Nililia pale Mabatini, sikufichi.
Chipsi nilikula huku nalia.

Ila tangu siku ile hakuna duka la vyuma
nisilojulikana. "Cheche!" waliniita,
na Cheche huyo walimkopesha nondo bila karatasi,
wakamchangia mahari.

Huyo ndiye Luhende. Alimfungia shemasi
kengele ya mbuzi chini ya kiti cha baiskeli;
shemasi akafika Bwiru
akigeuka kila kona kumfukuza mbuzi.

Lakini ziwa hakuligusa.
Siku moja kijana mgeni, foleni ya dagaa imemchosha,
alipaza sauti mwaloni: "Mtumbwi umepinduka!"
Akina mama wakatupa mabeseni,
mmoja akakimbia na kiatu kimoja
mpaka maji yakamfika kifuani.
Utani ulipojulikana, hakuna aliyecheka.
Luhende akavua miwani ya kuchomelea,
akachukua kifurushi cha yule kijana,
akakiweka nje ya geti, taratibu, kama yai.
"Ndani ya neno hilo," akasema, "mna majina ya watu."

Alipokufa tuligonga sanduku mara mbili,
kwa tahadhari tu.
Mtani wake, Mzaramo, akalala kaburini
akidai kodi ya shimo. Tukamlipa.
Tulisubiri kidogo kabla ya udongo.
Kimya. Safari hii hakuwa anatania.

Sasa karakana ni yangu.
Jumatatu nilimpa Nkwimba, mwanafunzi wangu mpya,
kopo lile lile, limeshika kutu kingo,
na noti, imekunjwa mara nne.
Nikapiga simu kote: anakuja, jiandaeni.

Saa nne, Pasiansi hawajamwona.
Saa nane, Nyakato hawajamwona.
Saa kumi nikaacha kucheka,
nikaanza kutazama barabara,
kisha, Mungu anisamehe, nikatazama maji.

Saa moja usiku akaingia,
matope magotini, majani ya matete kwenye nywele,
kopo kalifunga kitambaa na mpira wa tyubu.
"Nene hazikuwepo," akasema. "Nimeleta laini."

Akafungua.
Vimulimuli wakapanda mmoja mmoja,
wakapita juu ya jiwe la kunolea,
wakatua kwenye mageti ambayo hayajapakwa rangi,
kwenye miwani ya marehemu iliyotundikwa msumarini,
wakawaka, wakazima, wakawaka,
bila volti hata moja.

"Chenji yako," akasema, "mia tano."

Nikamtazama usoni kwa mwanga ule, nikamtazama sana.
Hakucheka.