Pindo

Mama, nimefumua pindo lako.
Nakwambia mwenyewe kabla shangazi Tusekile
hajakuletea habari kaburini
kwa ule mtindo wake wa kupalilia huku anasema.

Ulinishonea mfarishi wa mtu mmoja,
futi tatu kwa sita, wa kitanda cha bwenini.
Ukasema, "Huu umekwisha," ukakata uzi kwa meno.
Nami nikaamini. Miaka ishirini na mitatu nimelala chini yake,
Bulongwa, Njombe, tena Bulongwa,
Julai baada ya Julai, jalidi ikibabua majani ya viazi,
wala sikuwahi kuuona una upungufu.

Kisha akaja Obedi.
Nina miaka arobaini na moja, Mama, usicheke.
Akaja na redio, na magoti yanayolia akiinama,
na kitanda cha msindano kutoka kwa fundi Chaula,
tano kwa sita, kinanuka utomvu mpaka leo.
Tuling'oa fremu ya mlango ndipo kikaingia.
Mfarishi ukakaa juu yake
kama leso mgongoni mwa ng'ombe.

Tuliuvuta. Kila usiku tuliuvuta.
Yeye hakulalamika, na hilo ndilo lililonikera:
naamka saa tisa namkuta kajikunja ukutani,
koti la mvua mabegani, karibu avae na buti,
anasema, "Mie sisikii baridi,"
na meno yanamkana.

Alitaka kwenda Iwawa kununua blanketi,
lile nene, lenye chui.
Nikasema, subiri.

Nimekaa nao kizingitini, na wembe.
Mishono yako inalala kushoto,
kwa mkono ule ule waliokuchapia shuleni.
Nilikata mmoja, nikatazama njiani kama kuna anayeniona.
Wa pili ulikuwa rahisi.
Wa tatu, urahisi wenyewe ukanitia aibu.

Lakini sikiliza nilichokikuta:
chini ya pindo, pale jua lisipofika
wala sabuni ya mche,
sketi yangu ya darasa la tano bado ni buluu.
Buluu, Mama. Si hii rangi ya moshi
niliyoizoea hadi nikaiita buluu.
Nimeivalia miwani. Nimemwita jirani aje aone.
Upana wa kidole, kuzunguka pande zote nne,
siku ile uliyomaliza ilikuwa imelala humo.

Nimeungia ovaroli yake ya kiwanda cha mbao,
miguu yote miwili, ila magotini hapakufaa.
Kitenge cha mama yake, ambaye sikumkuta.
Gunia la ngano, nimelifua mpaka likakubali.
Kipande cha pazia, kwa sababu nguo iliniishia kwenye kona
na nilikuwa nimechoka.
Rangi zimekataana, sikufichi.
Na sina mkono wako: mishono yangu inalala kulia,
na pale yangu inapokutana na yako
inagongana kama wageni wawili mlangoni,
pita wewe, hapana, pita wewe.

Ulisema umekwisha.
Ulikuwa umekwisha kweli; sikuja kusahihisha.
Buluu ile nimeiacha wazi, sikuikunjia ndani.
Itachujuka. Najua. Inataka na yenyewe jua kidogo.

Sasa ukilowa hauna kamba ya kuubeba,
tunautandaza juu ya ua wa matete, siku tatu,
na mbuzi wa watu tunawafukuza kwa zamu.

Jana usiku tuliuvuta kwa mazoea,
kila mtu kwake,
ukaja wote, tukabaki na nguo tele mikononi,
gizani, tunacheka kama wezi wa mahindi.

Saa tisa niliamka. Mguu wangu ukatoka
kuutafuta ule ukingo wa baridi unaoujua,
ukatembea, ukatembea,
ukakuta ovaroli.