Dakika Mbili

Tulimpa dakika mbili Mkamburi, dada mtu,
makaburini Mbaraki, jua la saa saba.
Nami, karani wao, ndiye niliyeshika saa.

"Sikuja kulaumu," alianza.
"Kampuni imeleta shada. Shada zuri.
Imeleta turubai, na soda kreti nane.
Kampuni ina utu."

Meneja akaitikia kwa kichwa.

"Mwakio aliufunga mnyororo wa winchi kwa waya
siku arobaini. Aliandika barua tatu.
Labda zilipeperuka; Kilindini kuna upepo.
Kampuni ina utu.
Mnyororo ulipokatika, saa tisa usiku,
meli haikuchelewa kung'oa nanga.
Nani alaumiwe? Chuma ni chuma."

Barua ya pili niliipokea mimi.

Makuli wakaanza kuvua kofia,
wale waliokuwa bado wamezivaa.

Akafungua mkoba, akatoa glavu
moja, ya kushoto, kidole gumba kimetoboka.
"Pesa za hii walimkata mshahara wa mwisho.
Shilingi mia nne na hamsini.
Sisemi mwende getini. Nani kataja geti?
Mimi nimekuja kulia tu.
Ila nyinyi mnaolijua,
mkipita, nirudishieni ya kulia."

Dakika mbili zilikwisha zamani.
Saa ninayo mkononi, sikuitazama.

Tulipogeuka kutafuta wa kushika majembe
kaburi lilikuwa wazi bado,
na shada la kampuni limelala chini,
lina alama za viatu,
zote zimeelekea upande mmoja.