Dobi wa Rasi ya Tumaini, 1713

Nafua shuka Langoni, za wageni wa hoteli,
Mwana yumo kitabuni, asoma yaliyo mbali:
Meli yatua Rasini, nguo chafu, jasho kali;
Walofua kina nani? Kitabu hakina hili.

Ndui pindoni yanyata, haina haja ya hila,
Mikono ikaikuta, ya watumwa wasolala,
Wakhoi ikawapata, koo kwa koo, kabila;
Bwana jiwe alipata, dobi mchanga wamla.

Povu limepata tuo, beseni limetulia,
Nimeikunjua nguo, doa naliangalia,
Nikasita kwa kituo, jina nikamtungia;
Pembeni mwa chake chuo, mwana akalitilia:

Bi Batuli wa Rasini.