Ukungu

Kikaushio kilikuja kwa posta mwezi wa tisa,
sinia sita za plastiki na feni mgongoni.
Baba alikizunguka kama anayekagua ng'ombe wa mnada,
akauliza kinakula umeme kiasi gani,
akarudi kwenye kiti chake.

Huku Hardanger jua si la kuanikia kitu.
Linachungulia, linaaga.
Mvua hunyesha siku tatu ndipo ipumzike moja,
na milima husimama ndani ya ukungu hadi kifuani
kama watu waliosahau walichofuata majini.

Bibi alikuwa akitunga matufaha kwenye uzi
juu ya jiko la kuni. Pete nyeupe ziligeuka kahawia,
zikanuka moshi, soksi na samaki,
nasi tukazila hivyo hivyo.
Jiko lile liliuzwa pamoja na shamba la juu,
mwaka ambao kaka yangu Oddmund alibamiza mlango
akaenda zake kwenye mitambo ya mafuta baharini.
Tangu hapo salamu zake hunijia mimi,
na kwangu huishia.

Nikakata. Kisu cha Mama, unene wa penseli,
bakuli la maji yenye limau ili zisishike kutu.
Nyuzi hamsini na saba, kwa saa nane.
Kijitabu kilisema kumi; nilikuwa na zamu asubuhi.
Nikajaza chupa kumi na moja, nikabandika tarehe,
nikazipanga rafuni kama mtu aliyefaulu.

Akiba haiozi, husemwa.
Wiki ya pili nikafungua ya kwanza:
ukungu.
Si ule wa mlimani. Huu ulikuwa na manyoya,
wa kijivu, laini, umezifunika pete zangu
kama blanketi juu ya mtoto.
Chupa zote.
Baba hakusema neno. Alizibeba kwa karai,
akazimwaga chini ya mtufaha zilikotoka,
akaziosha chupa kwa maji ya moto, moja moja,
akaziinamisha zichuruzike.

Usiku ule nikajaza sinia upya.
Saa tisa niliamka, nikamkuta jikoni gizani,
kiganja juu ya kifuniko.
Miaka thelathini na mmoja alikaa chini ya sitaha ya feri,
akisikiliza injini badala ya abiria.
"Sinia ya chini inaungua," akasema, "ya juu inalia."
Akazipokezanisha nafasi, akaketi tena.
Mashine inavuma, yeye anavumilia.
Dirishani, maji ya matufaha yalitambaa kwenye kioo:
kilo sita tuliziweka, na tano, naapa,
zilikuwa pale, zikishuka bila haraka.

Ikawa kazi yake.
Kila asubuhi, siku saba, alitikisa chupa kando ya sikio,
lile lisilosikia simu wala kengele ya mlango.
Zikigongana, zimekauka.
Zikishikana, zina maji bado;
zirudi.

Mwezi wa kumi na mbili nikaona kifurushi mezani.
Anwani imeandikwa kwa mwandiko wa daftari la injini,
herufi kubwa, kila moja imesimama peke yake.
Ndani, mfuko wa vipande vya sinia ya juu
na karatasi yenye maneno mawili:
TIKISA KWANZA.
Nikafikiri amekosea sinia. Nikanyamaza.
Nikakipeleka posta, mvua ikiwa begani.

Siku kumi na mbili.
Kisha simu yangu ikatetemeka kwenye ubao wa kukatia,
katikati ya maganda ya pea.
Mwambie zimeshikana, aliandika Oddmund.
Wala jambo, wala kwaheri.

Nikamsomea Baba kwa sauti ya juu, mara mbili.
Alikuwa akisugua sinia kwa mswaki wa zamani,
tundu kwa tundu.
Alimaliza mstari mzima.

"Basi," akasema, "azilete."