Bonyeza Tano

Paa linavuja tangu Jumanne.
Nimekinga sufuria ya mchuzi.

Nikapiga halmashauri: sifuri, nane, nne, nne,
na nyingine saba ambazo kidole changu sasa kinazijua gizani.
Akapokea mwanamke asiyevuta pumzi:
"Simu yako ni muhimu kwetu."
Naamini, mwanangu. Peni kumi na mbili kila dakika,
hata mimi ningejiona muhimu.

Moja, taka. Mbili, makaburi.
Paa ni tano. Nikabonyeza tano,
wakanipigia vinanda.
Sijalipia muziki ghali namna hii
tangu nilipokwenda dansi na marehemu Clifford kule Blackpool,
na siku ile angalau nilicheza.

Haba na haba hujaza kibaba,
sawa, lakini kibaba cha nani?

Kinachoniuma, ofisi yenyewe naiona.
Ng'ambo ya barabara, juu ya duka la mikate,
dirisha lenye ua lililokauka.
Namwona kijana wa akina Hargreaves, niliyemfundisha kuogelea,
anachovya biskuti kwenye chai.
Mlangoni pamebandikwa karatasi: Kaunta imefungwa. Tafadhali piga simu.

Salio likakatika katikati ya vinanda.

Nikafungua dirisha, nikainua sufuria,
nikayamwaga maji ya paa lao barabarani,
taratibu, basi limesimama, abiria wote macho juu.
Kijana akageuka. Biskuti ikamvunjikia kikombeni.
Nikampungia mkono.

Hiyo ilikuwa bure.
Paa bado linavuja.