Dola ya Mfunguo Tatu

Ramadhani kumi na tatu, dukani kwangu, Mtemani.
Funga imenikausha ulimi,
na ankara ya vigae kutoka China iko juu ya kaunta,
nimeigandamiza kwa jiwe la mizani:
dola elfu kumi, zilipwe Mfunguo Tatu.

Leo dola ni shilingi elfu mbili mia sita.
Siku hiyo itakuwa ngapi?
Hilo hata wanaoichapa hawalijui.

Hamduni, mpwa wangu aliyesomea fedha,
akavuta kreti la soda, akakaa.
"Shangazi, kodi bei."
"Kwani bei hukodiwa?"
"Na mikarafuu ya Mtambwe? Babu hakuikodisha
ingali kijani?"

Aliikodisha. Mwaka ule karafuu ikapanda,
aliyeikodi akaanika majamvi mpaka barabarani,
na baba akawa anapita akitazama upande wa pili.
Lakini nguo zetu za sikukuu
zilikuwa zimeshashonwa.

Basi huko sokoni, mji wa mbali,
yupo mtu simjui, mwenye hoteli, labda ya Kiwengwa.
Wageni humlipa dola, yeye hulipa mishahara kwa shilingi.
Hulala akiogopa dola isije ikashuka.
Mie hulala nikiogopa isije ikapanda.
Woga wake na wangu wakapeana mikono
pasi na sisi kujuana,
kwa elfu mbili mia sita na arubaini.

Na halali?
Baada ya tarawehe nikamfuata Ustadhi Khatibu.
"Unanunua nini hasa?" akaniuliza.
Nikasema: nanunua kuogopa kidogo.
Akanyamaza. Mpaka leo ananyamaza.

Kumbe mkataba huu si karatasi
ya kufungia mtoto wa meza ukaisahau.
Una mdomo. Kila jioni huhesabiwa:
dola imeshuka shilingi kumi? Toa laki, jaza amana.
Imepanda tano? Chukua elfu hamsini zako.
Ikawa yashuka tu.
Simu ya Hamduni na adhana ya magharibi zalia pamoja,
tende mkono huu, mkono huu natuma laki,
na mume wangu Faki, uji mbele yake:
"Hebu niambie, unamfuturisha nani?"

Ukaingia Mfunguo Tatu.
Dola, elfu mbili mia tano na kumi.
Wete haina siri ya hasara.
"Bikombo kaliwa," wakasema gengeni.

Bikombo hakuliwa. Shikeni kalamu.
Jioni kwa jioni nilitoa milioni moja na laki tatu;
vigae nikavilipia ishirini na tano na laki moja.
Jumlisheni.
Ishirini na sita na laki nne,
ile ile niliyoiandika kwa chaki nyuma ya mlango
siku ile ya kumi na tatu, na ulimi mkavu.

Ila siwafichi, kuna usiku namuwaza yule wa Kiwengwa.
Laki zangu hazikumtajirisha:
dola zake nazo zilipungua kiasi hicho hicho.
Tulibebeana tu.
Akipita siku moja kutafuta vigae vya vyoo vya wageni wake,
sitamtambua.
Nitamtajia bei ya leo,
taslimu.